Mashua Zilizopita Nchi Kavu: Habari za Njia Yetu ya Zamani



Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wenzangu wameandika habari za mazao, maghala na hesabu. Mimi nimepewa kurasa za historia, nami nimechagua jambo ambalo kwanza litaonekana geni, yaani habari za mashua. Msomaji atauliza, Tabora na mashua ni wapi na wapi? Mji wetu uko mbali na bahari, na mbali na ziwa pia. Hata hivyo ni kweli ya kuwa katika karne ya 19 vyombo vya tanga vilisafiri katika nchi hizi juu ya mabega ya watu, vipande vipande, na njia waliyoifuata ni njia ya babu zetu.

NJIA NA KIPIMO CHA MZIGO

Njia ile ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, ndipo penye Tabora, kisha ikashuka mpaka Ujiji. Wanyamwezi walikuwa wakiifuata kwenda pwani na pembe za ndovu kabla Mzungu yeyote hajaiona. Msafara wenye mizigo ulitumia miezi mitatu hivi toka pwani hata Tabora, na njia ilikuwa nyembamba, watu wakifuatana mmoja mmoja nyuma ya kirangozi.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa na kipimo chake. Kwa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani ratili 70, mbali na mkeka, chungu na posho yake mwenyewe. Kipimo hicho kilikuwa desturi ya wapagazi, nao walikilinda. Aliyetaka kuwazidishia alisikia maneno yao asubuhi kabla ya safari kuanza. Mzigo uliokuwa mrefu au mzito ulitundikwa katika mti na kuchukuliwa na watu wawili, nao huitwa mzegazega. Kwa mzegazega ndivyo mashua zilivyoweza kupanda bara.

WALIOKOSA CHOMBO

Burton na Speke walifika Tabora, iliyoitwa Kaze wakati ule, mwezi wa Novemba 1857, na Ujiji mwezi wa Februari 1858. Burton alikuwa na mashua ya chuma ya vipande, jina lake Louisa, lakini aliiacha pwani kwa kukosa watu wa kuichukua. Matokeo yake yalionekana ziwani. Speke alivuka kwenda Kasenge kuomba jahazi la Mwarabu mmoja, akarudi mikono mitupu. Wakalazimika kwenda kaskazini kwa mitumbwi, wakafika Uvira, wala hawakuweza kulizunguka ziwa.

Mwaka wa 1874 alikuja Cameron, ofisa wa manowari za Uingereza. Yeye hakuja na chombo, bali alipata vyombo viwili huko huko Ujiji, akavitengeneza na kuvitia matanga kwa namna aliyoijua, akaviita Betsy na Pickle. Kwa vyombo hivyo alizunguka nusu ya kusini ya ziwa, na mwezi wa Mei akauona mto Lukuga unaotoka ziwani kwenda magharibi. Tukumbuke ya kuwa ufundi wa kuunda vyombo ulikuwapo ziwani zamani. Miti mikubwa ya Ugoma, ng'ambo ya magharibi, ilichongwa mitumbwi, na mafundi wa Ujiji waliunda majahazi ya mbao na kuyatia kalafati.

LADY ALICE

Mashua iliyo mashuhuri kuliko zote ni Lady Alice ya Stanley. Iliundwa Teddington, Uingereza, kwa mbao nyembamba za mwerezi, urefu wake futi 40 na upana futi 6, nayo iliweza kufunguliwa kuwa vipande vitano. Ilipofika Unguja ilionekana ya kuwa kipande kimoja kina uzito wa ratili 280 hivi, yaani frasila nane. Tena upana ule usingepita katika njia ya msituni. Ikambidi Stanley kumtafuta seremala wa kuipunguza na kuigawa upya katika vipande vidogo zaidi. Hata bwana mwenye fedha nyingi alishindwa na kipimo cha bega la mtu.

Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, watu zaidi ya 350. Haukufika Tabora kwanza, bali baada ya Ugogo ulikata kaskazini mpaka Kagehyi katika Usukuma. Huko vipande vikaunganishwa, tanga likatwekwa, na toka tarehe 8 Machi mpaka 6 Mei 1875 Lady Alice ikalizunguka Ziwa Viktoria. Kisha ikafunguliwa tena na kuchukuliwa kusini. Mwezi wa Aprili 1876 Stanley alikutana na Mtemi Mirambo katika Unyamwezi, wakafanya udugu wa damu. Toka Juni mpaka mwisho wa Julai mashua ikalizunguka Ziwa Tanganyika, kwa siku 51.

Mshika usukani wake alikuwa Uledi, mtu wa msafara kutoka Unguja, ambaye Stanley mwenyewe aliandika ya kuwa aliwaokoa watu 13 wasizame katika mto Kongo. Haifai kuficha mabaya. Kisiwani Bumbire wenyeji waliwanyang'anya makasia, na mabaharia wakajiokoa kwa kung'oa mbao za sakafu ya mashua na kupigia kafi. Lakini baadaye Stanley alirudi akalipiza kisasi kwa bunduki, akawaua watu wengi. Na wengi wa waliotoka naye Bagamoyo hawakurudi kwao.

Mwisho wa Lady Alice ulikuwa tarehe 31 Julai 1877, ilipoachwa juu ya mawe karibu na maporomoko ya Isangila, ikaoza huko kwa jua na mvua.

MELI KATIKA GARIMOSHI

Baada yake mabaharia wa misheni ya London, wakiongozwa na Hore, walileta mashua ya chuma yenye tanga, Morning Star, vipande vipande toka pwani, ikafika Ujiji mwaka wa 1883. Kisha reli ikaja. Ilifika Tabora mwaka wa 1912 na Kigoma mwaka wa 1914. Meli Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ilifunguliwa, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapita stesheni yetu kwa garimoshi, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwezi wa Februari 1915. Mwezi wa Julai 1916, Wajerumani walipokimbia, waliizamisha wenyewe; lakini kwanza walizipaka injini grisi nyingi. Waingereza waliiinua mwaka wa 1924, wakaitengeneza, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Ile ya mbao, iliyoachwa bila mwangalizi, ilioza. Hii ilikaa miaka mingi chini ya maji, ikafufuka, kwa kuwa mtu alijali kuipaka grisi kabla ya kuiacha.

YATUHUSU NINI?

Wanachama wenzangu, nasema mambo mawili tu.

La kwanza ni kipimo. Babu zetu walikataa mzigo uliozidi frasila zao. Basi nasi tusikubali lumbesa. Gunia lisilopita katika mizani ya chama ni ratili 280 juu ya bega la mkulima mmoja.

La pili ni zito zaidi. Wapagazi walipewa sehemu ya mshahara mbele, kabla ya kuondoka pwani. Wako waliotoroka, wengine kwa njaa na hofu, wengine kwa tamaa, na mzigo wa aliyetoroka uliwaangukia waliobaki. Sisi hupokea pembejeo kwa mkopo wa pamoja. Mwanachama anayewauzia vishoka tumbaku yake usiku anapata fedha za siku moja, na deni lake wanalilipa jirani zake. Wako wanaouliza mwaka huu kama iko haja ya kuendelea kuuza pamoja. Nawajibu kwa mfano wa Lady Alice: kipande kimoja cha mashua, ukikiuza peke yake, ni kuni tu, na vipande vilivyobaki navyo haviwezi kuelea.

Miaka kumi tumeibeba mashua hii njia kavu. Kila mmoja na ashike kipande chake mpaka tufike majini.