Maeneo ya kuzaliwa kwa nyota katika galaksi parafujo

Maeneo ya kuzaliwa kwa nyota ni sehemu za galaksi ambako mawingu ya gesi baridi na vumbi hujikaza kwa nguvu ya graviti hadi kuwa nyota mpya. Katika galaksi parafujo, kama Njia Nyeupe ambamo Jua letu limo, mengi ya maeneo hayo hupatikana kwenye mikono ya galaksi, yakifuatana kama shanga kwenye uzi.

Muundo

Kila eneo huanza na wingu kubwa la molekuli, hasa za hidrojeni. Wingu moja huweza kuwa na masi ya Jua mara 10,000 hadi zaidi ya milioni 1, na ndani yake halijoto ni takriban −260 °C. Gesi hiyo hujipanga katika nyuzinyuzi ndefu. Nyuzinyuzi zinapokutana hutokea vitovu vizito, na humo nyota huzaliwa, mara nyingi fungu zima kwa pamoja. Ni asilimia chache tu ya gesi inayogeuka nyota kabla ya wingu kutawanyika.

Wanaolitawanya ni watoto wake wenyewe. Nyota kubwa hutoa mionzi ya urujuanimno inayochoma hidrojeni ya jirani hadi ing'ae kwa rangi nyekundu. Ndiyo nebula ionekanayo kwenye picha. Upepo wa nyota hizo, na baadaye milipuko ya supanova, husukuma gesi na kuacha matundu makubwa. Picha za darubini ya James Webb za galaksi M74, iliyo umbali wa miaka nuru milioni 32 hivi, zinaonyesha mikono iliyojaa matundu ya aina hiyo.

Nyota kubwa huishi miaka milioni chache tu, hivyo hufa karibu na mahali zilipozaliwa. Nyota ndogo kama Jua hudumu mabilioni ya miaka na kusambaa kote kwenye sahani ya galaksi. Kwa hiyo mikono hung'aa sana, lakini tofauti ya idadi ya nyota kati yake na nafasi za katikati ni ndogo kuliko jicho linavyodhani.

Je, mikono huzaa nyota?

Mwaka 1964 C. C. Lin na Frank Shu walieleza mkono kuwa ni wimbi la msongamano. Mfano wake ni lori lililojaa ndizi likipanda kilima polepole katika barabara ya Muleba hadi Bukoba: magari hujazana nyuma yake, moja hupita na jingine huja, lakini foleni ipo palepale. Gesi nayo huingia mkononi, hubanwa, kisha hutoka.

Kinachobishaniwa ni kama kubanwa huko kunaongeza uzazi, au mkono unakusanya tu gesi ambayo ingezaa nyota hata hivyo. Galaksi kama NGC 2841, yenye vipande vifupi badala ya mikono mirefu, huzaa nyota pia. Vipimo vingi vya karibuni vinaelekea jibu la pili: mikononi gesi ni nyingi, lakini haigeuki nyota kwa wepesi zaidi sana kuliko gesi ya nje.

Kutoka Kagera

Bukoba iko takriban 1°20' kusini mwa ikweta, hivyo karibu anga lote huonekana katika mwaka. Mapema usiku mwanzoni mwa Desemba, kundinyota la Jabari, yaani Orion, huchomoza juu ya Ziwa Viktoria. Mwishoni mwa Januari, mnamo saa nne usiku, hupita karibu utosini. Chini ya nyota tatu za mkanda wake kuna doa lenye ukungu: ni Nebula ya Jabari, umbali wa miaka nuru 1,350 hivi, katika mkono wetu wenyewe. Mnamo Aprili, mvua ikiruhusu, Nebula ya Carina huonekana upande wa kusini. Iko zaidi ya miaka nuru 7,000, katika mkono unaofuata kuelekea kitovu cha galaksi.

Kitovu chenyewe hupanda juu katika miezi mikavu ya Juni hadi Agosti. Michirizi myeusi inayokata Njia Nyeupe wakati huo si mahali patupu, bali ni mawingu ya vumbi yanayoziba nuru ya nyota za nyuma. Ukungu huo mweupe huhitaji usiku usio na mwezi, na ni usiku huohuo wavuvi wa dagaa huwasha taa zao ziwani. Mtazamaji wa Muleba hufaidi zaidi akilipa ziwa mgongo.