Kalamu ya Siri: Sayyida Salme

Binti huyu wa Sultani Sayyid Said alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, Unguja. Kama wasichana wenzake wa kasri, alifundishwa kusoma Kurani. Kuandika, hapana. Kalamu ilikuwa ya wavulana.

Salme akajifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, uliotumika badala ya ubao. Baadaye alipata mwalimu wa kumnyoosha mwandiko: mtumwa aliyesoma. Ndivyo Unguja ya karne ya 19 ilivyokuwa. Starehe na elimu ya mabinti wa kasri vilibebwa na watumwa, wake kwa waume, waliopika, walioshona na waliochuma karafuu mashambani.

Mwaka 1859, akiwa na miaka 15 tu, ndiye aliyeandika barua za njama ya kaka yake Barghash dhidi ya Sultani Majid, kaka yao pia. Njama ilishindwa.

Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, akaitwa Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886.