Tiba kwa vitendo: Kumsaidia mgonjwa si kumfanyia kila kitu

Mama amepata kiharusi, mkono wa kulia hauna nguvu. Ndugu wanamlisha, wanamvalisha, wanamwogesha. Nia ni nzuri, ila akifanyiwa kila kitu anakosa nafasi ya kujifunza upya.

Ni tiba gani?

Tiba kwa vitendo ni huduma ya utengamao inayomsaidia mtu kurudi kwenye shughuli zake: kuoga, kula, kuvaa, kupika, kwenda shule au kazini. Inawafaa waliopata kiharusi au ajali, watoto wenye mtindio wa ubongo na watu wenye matatizo ya afya ya akili. Fiziotherapia hushughulika zaidi na misuli na viungo. Hii huanza na swali: unataka kufanya nini mwenyewe?

Nyumbani inakuwaje?

- Kuvaa: Kwa baridi ya Mbeya, sweta ni lazima. Aingize kwanza mkono dhaifu. Akivua, aanze na ule mzima.
- Kula: Zungushia kitambaa mpini wa kijiko uwe mnene, ushikike vizuri.
- Kuoga: Akae kwenye kiti imara. Maji yapimwe kwa mkono mzima, kwani ule dhaifu unaweza usihisi moto.
- Choo cha shimo: Kiti imara chenye tundu katikati huwekwa juu ya shimo.
- Mtoto mwenye mtindio wa ubongo: Asilishwe uji akiwa amelala chali. Akae wima, kichwa kishikiliwe, asipaliwe.

Mfano wa Iringa

Neema Crafts si hospitali, lakini inaonyesha wazo hilohilo: kazi ndiyo irekebishwe imfae mtu. Mradi huo wa Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, ulianza 2003 na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi. Mgahawa wake unajulikana kwa wahudumu viziwi. Mteja huandika oda yake, mambo yanaenda.

Uanzie wapi?

Wataalamu hawa ni wachache, na wengi wamesomea KCMC, Moshi. Kabla mgonjwa hajaruhusiwa, ulizia kitengo cha utengamao katika hospitali ya rufaa. Eleza nyumba ilivyo: ngazi, choo, jiko.

Kisha mpe muda. Kifungo kimoja kikimchukua dakika tano, mwache akifunge mwenyewe.