Mlio wa Nini? Istilahi Moja kwa Wasikilizaji wa Autechre

Tangu mwaka 2001 wasikilizaji wa Autechre, kundi la muziki wa kielektroniki, wamegawanyika. Mwaka huo Rob Brown na Sean Booth, marafiki wawili wa Rochdale, mji ulio jirani na Manchester nchini Uingereza, walitoa albamu yao ya sita, Confield. Waliokuwa wakiwapenda kwa ajili ya Amber ya 1994 waliisikiliza wakisubiri muziki uanze, na wengine wanasema mpaka leo haujaanza. Wengine waliipokea kama kazi kubwa kuliko zote walizopata kuzifanya. Albamu zikafuatana, na kila mpya ilipotoka ugomvi ukafufuka: wamerudi walikotoka, au wamezidi kupotea?

Ukifuatilia hoja za pande zote mbili utaona jambo. Anayelalamika husema albamu haina wimbo, lakini wimbo umo. Husema haina mdundo, na midundo imejaa tele. Kilichomkwaza alikisikia katika sekunde za mwanzo, kabla wimbo au mdundo haujapata nafasi ya kujipanga. Wanamuziki wa Ulaya hukiita kitu hicho kwa neno la Kifaransa, timbre. Kiswahili kina neno lake, nalo nadhani linaueleza ugomvi wa Autechre kuliko hilo la Kifaransa. Neno hilo ni mlio.

Wataalamu wa sauti huifafanua timbre kwa kutoa. Chukua sauti mbili zenye kimo kimoja, zenye ukubwa mmoja, zinazodumu kwa muda uleule. Ikiwa sikio bado linazitofautisha, hicho kinachozitofautisha ndicho timbre. Aliyesikiliza taarab asilia hahitaji maelezo zaidi. Katika kundi kama Nadi Ikhwan Safaa la Unguja, lililoanzishwa mwaka 1905, vyombo vingi hufuata wimbo mmoja kwa pamoja: fidla, nai, ganuni, udi, kodiani. Noti ni ileile. Hata hivyo msikilizaji aliyefumba macho anajua udi umeingia wapi na nai imenyamaza wapi.

Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani, alieleza sababu katika kitabu chake cha mwaka 1863. Nai inapopiga noti inayotetema mara 440 kwa sekunde, haitoi mtetemo huo peke yake. Juu yake, kwa sauti ndogo zaidi, kuna mitetemo ya mara 880, 1320, 1760 na kuendelea. Fidla nayo ina mitetemo hiyohiyo, ila kwa nguvu tofauti: ile ya juu, ambayo katika nai ni hafifu, katika fidla ina nguvu na ndiyo inayoipa ukali wake. Sikio hupima uwiano huo bila mwenyewe kujua.

Maelezo hayo ni sahihi lakini hayatoshi. Mwaka 1948 Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio ya Paris aliyekuwa akitengeneza muziki kwa sauti za garimoshi zilizorekodiwa, alijaribu kukata mwanzo wa mlio wa kengele, ile sehemu fupi ya kugongwa, akabakiza mvumo tu. Kengele ikatoweka, kilichosikika kilikaribia kuwa chombo cha kupuliza. Miaka ya 1960 Jean-Claude Risset, akichambua tarumbeta kwa kompyuta katika maabara za Bell huko Marekani, alionyesha kwamba mitetemo ya juu ya tarumbeta huongezeka kadiri inavyopulizwa kwa nguvu. Kwa hiyo sifa hii hutembea na wakati, nayo hubeba habari ya tendo: kuna kitu kimegongwa, kimepulizwa, kimekwaruzwa.

Hapo ndipo tafsiri inapopata uzito. Katika maandishi yetu kuhusu muziki hutumika «rangi ya sauti», iliyofuata Kijerumani na Kiingereza. Inaeleweka, na sina ugomvi na anayeitumia kueleza jambo kwa haraka. Lakini rangi hupakwa juu ya kitu kilichokwisha kuumbwa, na kengele ya Schaeffer inaonyesha kwamba tukiondoa sifa hii, kitu chenyewe hakibaki. Maprodyuza wa Dar es Salaam na Nairobi husema «saundi», neno zuri la studio, ila limebeba kila kitu: biti, besi, uchanganyaji, hata ubora wa spika. «Vionjo» ni madoido yanayoongezwa. «Ladha» ni hukumu ya msikilizaji.

Mlio una kingine. Umetokana na kulia, na katika Kiswahili hulia mtoto, hulia ndege, hulia simu, ngoma, bunduki na bawaba isiyotiwa mafuta. Chenye uhai na kisicho na uhai vinalia kwa kitenzi kimoja. Tena mlio hausimami peke yake kwa muda mrefu. Mtu akisema amesikia mlio usiku, wa pili lazima amuulize: mlio wa nini? Neno linadai mwenyewe. Helmholtz angeuliza mitetemo mingapi. Mswahili anauliza ni nani au nini kimelia, na hilo ndilo swali ambalo sikio la binadamu huliuliza kwanza.

Sasa zirudie albamu za Autechre ukiwa na swali hilo mkononi. Milio ya Incunabula ya 1993 na ya Amber ina wenyewe wanaojulikana. Brown na Booth walikulia katika hip hop na elektro, na ngoma zao za wakati huo ni za mashine ambazo mpenzi wa muziki huo alikwisha kuzizoea. Juu yake zinatanda sauti ndefu za sinthesaiza, laini na zenye huzuni. Hata asiyejua jina la mashine anajua kwamba hiyo ni mashine ya ngoma na kile ni kinanda cha umeme. Tri Repetae ya 1995 inakaza: milio inakuwa ya kiwandani, ya vyuma na mashinikizo. Toleo lake la CD liliandikwa kwamba halijakamilika bila mikwaruzo ya sahani, na la santuri kwamba limekamilika kwa kuwa nayo. Yaani hata mkwaruzo wa sindano, ambao wengine huuona kasoro, waliuhesabu katika mlio wa kazi yao.

Confield ilikata uzi. Sehemu kubwa yake ilitokana na majaribio yao na Max, programu ambayo mtunzi huiunga mwenyewe kama nyaya, akaipa kanuni, nayo ikajipangia matukio. Wimbo wa kwanza unaanza na kitu kinachozunguka na kugongagonga kama kisahani cha chuma kikikaribia kutulia sakafuni, lakini hakitulii, kinabadili uzito, kinakuwa kikubwa na kidogo kwa namna ambayo chuma hakiwezi. Mlio wa nini? Hakuna jibu, na kutokuwapo kwa jibu ndiko wengi walikoita ubaridi. Nawaelewa, ingawa sikubaliani nao. Chini ya mzunguko huo hupita wimbo mwororo, na nauona ni mwororo zaidi kwa sababu unatokea mahali ambapo sikio limenyang'anywa vishikio vyake.

Baadaye hawakwenda njia moja. Oversteps ya 2010 ina milio inayokaribia kengele na nyuzi za kucharazwa, na wengi waliokuwa wamewaacha walirudi. Halafu NTS Sessions ya 2018, saa nane za muziki zilizorushwa kwanza na redio ya London iitwayo NTS, inafungwa kwa kipande cha karibu saa nzima kisicho na mdundo, mvumo mmoja mpana unaojikunjua taratibu. Sign ya 2020 ni fupi na yenye joto. Wanaosema wamerudi kwenye Amber wanasikia joto hilo, lakini uliza swali letu utaona si marejeo: ulaini ni uleule, mwenye kulia hajulikani. Kwenye maonyesho yao huzima taa ukumbi mzima, hivyo jicho nalo halina la kuchangia.

Yupo atakayepinga kwamba Schaeffer alitaka tuisikilize sauti yenyewe tukisahau kilichoitoa, na neno lenye kudai mwenyewe linaturudisha nyuma. Pingamizi hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba msikilizaji hasahau kwa kuamriwa. Anauliza, anakosa jibu, na mvutano huo ni sehemu ya anachokisikia katika Confield. «Rangi ya sauti» haina pengo. Inapita juu ya mvutano bila kuugusa.

Tatizo la kweli liko kwingine. Mlio ni tukio pia: milio mitatu ya risasi ni matukio matatu, wala si sifa tatu. Kwa kitabu cha fizikia ningependekeza «sifa ya mlio», mwanafunzi asichanganyikiwe. Kwa mhakiki wa muziki, mlio wenyewe unatosha, na sarufi inamsaidia: «mlio wa albamu» ni sifa, «milio ya albamu» ni vitu vilivyomo, na mabadiliko kutoka Amber hadi Confield ni mabadiliko ya kimlio. Msikilizaji aliyezoea kusema kwamba Autechre wamepoteza muziki anaweza sasa kusema milio yao imepoteza wenyewe, na mpinzani wake akajua ni kipi hasa cha kumjibu.