Luteni Reitz na Bendera ya Mombasa, 1824

Hori la Port Reitz limepewa jina la afisa kijana aliyewakilisha Uingereza mjini Mombasa kwa muda usiotimia miezi minne.

Mwishoni mwa 1823 Wamazrui, watawala wa Mombasa, walibanwa na Seyyid Said wa Oman, wakapandisha bendera ya Uingereza kabla hata ya kupewa idhini. Februari 1824 Kapteni William Owen wa manowari Leven aliafikiana nao: Waingereza wailinde Mombasa, mapato ya forodha yagawanywe nusu kwa nusu, biashara ya watumwa ikome. Akamwacha Luteni John James Reitz.

Mei mwaka huohuo Reitz alisafiri kuelekea Pangani. Homa ikamshika, akafariki.

Mambo ya mji mzima yakaangukia mikononi mwa George Phillips, kijana aliyekuwa bado anafunzwa uofisa wa majini. Agosti Luteni James Emery akachukua nafasi yake. Wote watatu walisimamia ahadi ambayo serikali ya London haikuiridhia kamwe, kwa kuwa urafiki wa Said ulikuwa na thamani kubwa zaidi kwake. Mwaka 1826 Waingereza wakaondoka.

Wamazrui hawakuwa wajinga. Walitafuta mlinzi mwenye nguvu, wakatelekezwa. Mwaka 1837 Said aliutwaa mji, na viongozi wao wakapelekwa uhamishoni Bandar Abbas.

Ukienda Ngome ya Yesu mjini Mombasa, wakumbuke nao: humo ndimo walimotawalia.