Muvi ya Oscar yenye Kiswahili kibao, na hakuna anayeiongelea

Uliza vijana pale Makole muvi gani yenye Kiswahili ilibeba Oscar, watakutajia katuni ya simba. Sawa, lakini ipo nyingine: Nirgendwo in Afrika ya Mjerumani Caroline Link, iliyotoka 2001 na kushinda Oscar ya filamu ya kigeni 2003.

Regina ni mtoto wa Kiyahudi. Mwaka 1938 familia yake inamkimbia Hitler mpaka shambani Kenya. Mpishi wao Owuor (Mkenya Sidede Onyulo, na jamaa kaua kinoma) ndiye anakuwa mtu wake, na dogo anadaka Kiswahili haraka kuliko wazazi. Vita inaanza 1939, Waingereza wanawaweka kizuizini kama maadui. Yaani kwa Hitler wao si Wajerumani, kwa Mwingereza ni Wajerumani! Ndugu waliobaki kule hawakupona.

Stori imetoka kwenye maisha ya mwandishi Stefanie Zweig, aliyeishi Kenya hadi 1947.

Na miaka hiyohiyo ya vita, hapo Kondoa tu, kulikuwa na kambi ya wakimbizi wa Poland, wengi akina mama na watoto. Hiyo muvi bado haijatoka.