Sifuri ya Chumba cha Pampu

Tangu 1963 meli za mafuta zinafunga kamba Kipevu, na sisi tuliokulia Changamwe tumezoea kuzitazama tu. Mjomba wangu alizifanyia kazi. Alichokiogopa si dhoruba, bali kijisanduku cha ukutani kwenye chumba cha pampu kilichosoma sifuri siku zote.

Zamani wachimba makaa wa Uingereza walishuka mgodini na ndege ndani ya tundu. Ndege akianguka, kimbia. Kwenye mafuta, miaka ya 1920, Oliver Johnson wa Standard Oil ya California alitumia waya wa platinamu uliopashwa moto: gesi ikiugusa huungua, joto la waya hupanda, umeme hubadilika, na sindano husogea.

Halafu ikaja Desemba 1969. Mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa tangu vita vya 1967, kwa hiyo meli kubwa za mafuta zilizunguka Afrika. Ndani ya wiki tatu tatu zikalipuka: Marpessa, Mactra na Kong Haakon VII. Mactra ililipuka hapa kusini yetu, kwenye Mlango wa Msumbiji. Zote zilikuwa tupu, zikioshwa matangi. Ndiyo, tupu. Tangi lililojaa mafuta halina nafasi ya hewa, lakini lililomwagwa hubaki na mvuke, na mvuke ukichanganyika na hewa unangoja cheche tu.

Sheria zilikaza taratibu. Leo kengele ya chumba cha pampu hutakiwa kulia kabla gesi haijapita asilimia 10 ya kiwango kinachoweza kushika moto. Tangu 2012 meli mpya za mafuta za tani 20,000 kwenda juu zinatakiwa kuwa na vigunduzi vya kudumu hata kwenye nafasi zinazozunguka matangi.

Lakini sensa hufa kimyakimya. Mvuke wa silikoni, hata wa gundi ya kuzibia tu, unaweza kuilemaza, na ikilemaa inasoma sifuri ileile ya hewa safi. Ndiyo maana ya kalibresheni: unaipa hewa safi, kisha gesi ya mtungi ambayo kiwango chake unakijua, uone kama itataja kiwango hicho. Isipotaja, unairekebisha au unaibadilisha.

Safari moja mjomba alikuta cheti kimetiwa sahihi, vigunduzi vyote vimepimwa mwezi ule. Akaenda stoo. Mtungi wa gesi ya kupimia ulikuwa na lakiri yake, haijavunjwa.

"Sasa walipimia nini, mate?" aliniuliza, miaka mingi baadaye, kama vile mimi ndiye niliyetia sahihi.

Alikataa kushuka chumba cha pampu mpaka vipimwe mbele yake. Vikapimwa. Viwili kati ya sita havikusogea hata kidogo.

Mkataba wake ulipoisha hawakumwita tena. Mpaka leo, akipita Kipevu kwa matatu, huwa anahesabu meli zilizofunga.